Kanzu, Koti na Kazi ya Kalamu Kisiwani Mombasa

Kijana wa Kibokoni anapopata kazi ya kwanza ya ofisini, jamaa zake humtajia mavazi yale yale: suruali mbili za rangi ya kiza, mashati ya mikono mirefu, mkanda, viatu vyeusi na, mfuko ukiruhusu, koti. Husemwa kwamba mavazi hayo yaliletwa na Waingereza, na kwamba kabla yao mtu wa Mombasa alikuwa na nguo za nyumbani, za msikitini na za arusi, lakini si za kazi ya kalamu. Usemi huo haukubaliani na historia. Kuvalia cheo kulijulikana hapa karne nyingi kabla ya taipureta. Mkoloni alichukua mamlaka ya kuamua ni vazi lipi litahesabiwa kuwa la cheo, na matokeo yake bado tunayavaa.

Ushahidi wa zamani unapatikana juu kidogo ya pwani hii. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, na kabla ya kwenda kuswali Ijumaa pamoja na mtawala aliletewa nguo kamili: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, vazi la juu la kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba kilichotiwa nakshi. Kutoka huko aliteremka hadi Mombasa. Liwali wa Mombasa wa karne ya 19 angeutambua mpangilio huo mara moja: kikoi ndani, kanzu juu yake, kisha joho na kilemba. Kanzu ilikuwa msingi, na kilichoongezwa juu yake ndicho kilichotaja kazi ya mtu. Joho, kilemba na jambia vilitangaza utawala. Kizibao na kofia ya vito vilitosha kwa shughuli za kila siku. Mtu hakuhitaji sanduku kubwa la nguo. Alihitaji kujua aongeze nini, wapi na mbele ya nani, na maarifa hayo ndiyo anayotafuta mwajiriwa mpya hadi leo.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilipopata hati yake mwaka 1888, na himaya ya Waingereza ilipotangazwa mwaka 1895, kazi za kalamu ziliongezeka haraka. Forodha ilitaka makarani, na reli iliyoanza kujengwa Kilindini mwaka 1896 ikataka wengine zaidi. Wengi walikuwa Wagoa na Wahindi waliokuja na suruali na makoti yao. Wengine walitoka Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa. Mwenyeji aliyekwenda na wakati huo hakulazimika kuitupa kanzu: alivaa koti juu yake. Koti lilikaa pale pale lilipokuwa joho, likaleta na mifuko ya kalamu na karatasi, na kofia ikabaki kichwani. Hilo halikuwa kuiga. Ulikuwa mpangilio wa kale ukipokea kipande kipya, kama ulivyowahi kupokea kitani cha Misri.

Mpangilio huo ulivunjwa na jambo jingine. Majumbani mwa Wazungu na mahotelini, watumishi walivishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi. Wakati huo huo Sheikh Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani kuanzia 1941 hadi 1959, alihudhuria shughuli za serikali kwa joho na kilemba. Kanzu ikawa vazi la mkubwa kabisa na la mpakuaji chai, na karani aliyekuwa katikati akawa hana nafasi ndani yake. Naamini hofu ya kudhaniwa mtumishi iliiondoa kanzu ofisini zaidi kuliko ugumu wowote wa kuifanyia kazi. Buganda inaonyesha kwamba vazi lenyewe halikuwa kizuizi: kanzu ilifikishwa huko na wafanyabiashara wa pwani, ikavaliwa na wakuu, ikavishwa koti, na mpaka leo ni vazi rasmi la wanaume.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba vazi la zamani halistahili kusifiwa, kwa kuwa lilikuwa la waungwana. Ni kweli. Katika miji ya pwani mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Suruali ya karani haikuuliza nasaba, na faida hiyo lazima ikubaliwe. Lakini nayo ilijenga ngazi zake: kaptula kwa askari na tarishi, suruali ndefu kwa aliyekaa mezani. Pingamizi la pili ni kwamba kanzu ni vazi la dini, na ofisi ni ya watu wa dini zote. Makatekista Wakristo wa Uganda walioivaa wanatosha kulijibu. Kanzu ilizidi kuonekana ya msikitini peke yake kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa.

Milango hiyo haijafunguliwa. Mwaka 2003 wabunge waliokuja na mavazi ya Kiafrika, akiwemo Koigi wa Wamwere, walitolewa bungeni Nairobi. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku hata suti za Kaunda, akasisitiza koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Maofisini Mombasa kanzu huonekana zaidi siku ya Ijumaa, kana kwamba siku nne nyingine za kazi si zake. Hakuna haja ya kumwambia mwajiriwa mpya achome suruali zake. Anahitaji mshahara kwanza. Wa kuulizwa ni waajiri wa mji huu. Wakitaka unadhifu, kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake ni nadhifu. Wakitaka heshima, vazi hilo liliibeba forodhani na barazani kwa liwali. Wakilikataa bado, basi waseme wazi kwamba wanachodai ni mshono wa watu fulani, wasiuite utaalamu.