JE, WASHINDI HUPANGWA? TAFAKARI JUU YA MAJAJI, KURA NA MIZANI YA HAKI



Wapendwa waamini, lipo swali ambalo vijana wetu hapa Mlandege hutuuliza kila msimu wa mashindano ya kuimba katika luninga unapokaribia kilele chake. Je, mshindi hupatikana kwa haki, au alikwisha kuchaguliwa kabla ya wimbo wa kwanza kuimbwa? Wengine hawaulizi tena, bali hutamka kama jambo lililokwisha kuthibitishwa: "Yale yamepangwa."

Huenda mtu akaona kwamba swali hili ni la burudani tu na halistahili tafakari ya juma. Sisi hatuoni hivyo. Kijana aliyeamini kwamba kila shindano limepangwa huanza kuamini kwamba kila mtihani umepangwa, kila ajira imepangwa, na kila uchaguzi umepangwa, hata ule wa viongozi wa jumuiya yake ndogo. Akifika hapo huacha kujibidiisha. Au, lililo baya zaidi, huona kwamba naye ana ruhusa ya kudanganya, maana wote wanadanganya. Kwa hiyo tumeona vema tuitazame historia ya jambo hili kwa utulivu.

TOKA UWANJANI HADI KWENYE LUNINGA

Mashindano ya sanaa si jambo geni kwetu. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani na kuenea bara hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na vikundi vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na madaha. Ugomvi haukukosekana, lakini watu walikuwapo uwanjani. Waliona kwa macho na kusikia kwa masikio yao, na kila mmoja aliweza kupima hukumu iliyotolewa kwa yale aliyoyashuhudia.

Luninga ilibadili hali hiyo. Zanzibar ilitangulia kuwa nayo katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya kwanza vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 yakaja mashindano ya Bongo Star Search, chini ya kampuni ya Benchmark Productions ya Bi. Ritha Paulsen, ambaye wengi wanamfahamu kama Madam Ritha, jaji mkuu wa mashindano hayo. Usahili ulifanyika katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya. Kijana wa Iringa aliyekwenda Mbeya kujaribu bahati yake alisafiri zaidi ya kilomita 300, akasimama kwenye foleni ndefu, na mara nyingi akaimba kwa dakika chache tu kabla ya kuambiwa arudi nyumbani. Mwaka 2012 mshindi, Walter Chilambo, aliondoka na shilingi milioni 50. Kwa familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini kiasi hicho ni nyumba, shamba na karo ya wadogo zake wote. Tusishangae basi kwamba watu hutazama hukumu ya majaji kwa jicho kali.

Wakati huohuo, toka Nairobi, yalirushwa mashindano ya Tusker Project Fame yaliyokutanisha nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008 Esther Mugizi wa Uganda. Mwaka 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2010 Davis Ntare wa Uganda. Mwaka 2012 Ruth Matete wa Kenya. Na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Mtanzania hakushinda hata mara moja. Peter Msechu, aliyekuwa wa pili katika Bongo Star Search mwaka 2009, alikuwa wa pili tena katika Tusker Project Fame mwaka 2010. Ni rahisi kusema kwamba tuliibiwa. Lakini kura zilipigwa kwa ujumbe wa simu, kila ujumbe ukilipiwa, na mtu mmoja aliweza kupiga nyingi kadiri ya salio lake. Katika utaratibu wa namna hiyo nchi yenye mashabiki wenye hamasa hushinda nchi inayotazama tu. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na Msechu mwenyewe aliendelea kuimba, akajulikana kuliko washindi wengi.

Tuhuma za kupanga matokeo katika mashindano haya ya kwetu hazijathibitishwa, nasi hatuna haki ya kuzigeuza kuwa hukumu. Hata hivyo, haitoshi kuwaambia vijana wetu kwamba jambo la namna hiyo haliwezi kutokea. Limekwisha kutokea kwingine, na kumbukumbu zake zipo.

MAHALI AMBAPO HILA ILITHIBITISHWA

Mwaka 1956, huko Lugano nchini Uswisi, lilifanyika shindano la kwanza la nyimbo la Eurovision. Nchi 7 zilishiriki, na kila nchi ilipaswa kuwa na majaji wawili. Luxembourg haikupeleka wake. Ikakubaliwa kwamba Uswisi ipige kura kwa niaba yake. Uswisi, mwenyeji, ikashinda. Alama hazikutangazwa wakati ule wala baadaye. Je, paliibwa? Hakuna awezaye kuthibitisha, wala awezaye kukanusha, na huo ndio ubaya wa siri ya namna hiyo: humnyima mshindi wa haki uthibitisho wa ushindi wake. Mwaka uliofuata alama zilianza kuandikwa ubaoni mbele ya watazamaji.

Mwaka huohuo wa 1956, nchini Marekani, watu wengi walitazama shindano la maswali lililoitwa Twenty-One. Herbert Stempel, aliyekuwa akishinda, aliagizwa na watayarishaji ashindwe kwa makusudi ili nafasi yake ichukuliwe na mwalimu wa chuo kikuu mwenye sura ya kupendeza, Charles Van Doren. Van Doren alipewa majibu mapema, akajipatia dola 129,000 na sifa nchi nzima. Stempel alipolalamika, wengi walimwona mtu mwenye kijicho. Kilichosaidia ni ushahidi: mshiriki mwingine, James Snodgrass, alikuwa amejitumia mwenyewe barua za rejista zenye maswali na majibu kabla ya kipindi kurushwa. Bahasha zilipofunguliwa, tarehe ya posta ilisema yote. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza hila katika mashindano ya aina hiyo.

Nchini Uingereza, mwaka 2007, kituo cha GMTV kilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kuwa watazamaji walilipia simu za bahati nasibu wakati majina ya watakaoshinda yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa. Mwaka uliofuata ITV ilitozwa pauni milioni 5.675 kwa makosa ya aina hiyohiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na swali la vijana wetu unatoka Korea Kusini, katika mashindano ya Produce 101 yaliyorushwa kwa misimu minne, mwaka 2016 hadi 2019. Watazamaji waliambiwa kwamba wao ndio watakaochagua vijana wa kuunda kikundi kipya cha muziki. Katika fainali ya mwaka 2019 baadhi yao walikaa wakafanya hesabu, wakagundua kwamba tofauti ya kura 29,978 ilijirudia kati ya washiriki mbalimbali. Kura za kweli hazijipangi hivyo. Polisi wakachunguza, na ikabainika kwamba matokeo yalikuwa yamechezewa. Mtayarishaji mkuu, Ahn Joon-young, alihukumiwa kifungo cha miaka 2 mwezi Mei 2020. Katika rufani, mwezi Novemba mwaka huo, mahakama iliwataja kwa majina vijana walionyang'anywa nafasi zao, ili heshima yao irudishwe. Hapo twaona aliyeumizwa ni nani: kijana aliyejinyima usingizi kwa mazoezi, akalia mbele ya kamera akidhani hakutosha.

TUTENGANISHE MAMBO

Historia hii yatufundisha kutochanganya mambo matatu.

La kwanza ni ladha. Majaji watatu wakimpenda mwimbaji ambaye sisi hatukumpenda, hiyo si hila. Kila sikio lina mapendeleo yake.

La pili ni biashara. Kipindi cha luninga hutengenezwa. Katika mashindano mengi, kabla ya mshiriki kufika mbele ya majaji tunaowaona, amekwisha kuchujwa na watu tusiowaona. Na katika saa nyingi zilizorekodiwa hutolewa dakika chache zenye kicheko na machozi. Aliyetuonyeshwa mara nyingi atapata kura nyingi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye kipindi hutafuta watazamaji. Jambo hili si lazima liwe kosa, lakini ni vema kijana alijue kabla ya kukopa nauli.

La tatu ni udanganyifu wenyewe: kuwaambia watu kwamba kura yao ndiyo itakayoamua, kuchukua fedha yao, kisha kuamua vingine. Huo ni uongo na ni wizi kwa pamoja. Kitabu cha Methali chatuambia kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Wala hakuna tofauti kati ya mizani ya sokoni na mizani ya kura.

KANISA LILIVYOJIFUNZA

Mama Kanisa naye amewahi kupambana na mashaka ya namna hii, tena katika uchaguzi mkubwa kuliko yote aliyo nayo. Palikuwa na nyakati ambapo fedha na vyeo vilitumika kutafuta kura za kumchagua Baba Mtakatifu. Kanisa halikusema, "Hawa ni makardinali, waaminini tu." Mwaka 1505 Papa Julius II alitamka kwamba uchaguzi ulionunuliwa ni batili. Mwaka 1621 Papa Gregori XV aliagiza kura ya siri, ili mwenye nguvu asimtishe mnyonge. Na kanuni za Mtakatifu Yohane Paulo II za mwaka 1996 zaeleza hesabu hatua kwa hatua: wahesabuji watatu hupatikana kwa kura, karatasi zisipolingana na idadi ya wapiga kura huchomwa na kura hurudiwa, kila jina husomwa kwa sauti mbele ya wote, kisha wakaguzi watatu wengine huhakiki kazi ya wale wa kwanza. Ndivyo zilivyohesabiwa kura za makardinali 133, akiwemo Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora, katika uchaguzi uliotupatia Papa Leo XIV tarehe 8 Mei 2025.

Tazameni hekima hiyo. Chaguo la mpiga kura ni siri, lakini hesabu hufanyika mbele ya macho ya wote waliopiga kura. Hata watakatifu wakihesabu, na wahakikiwe. Uaminifu wa mtu hauvunjwi kwa kukaguliwa, hulindwa.

NENO KWA PANDE ZOTE MBILI

Kwa wanaoandaa mashindano, yawe ya luninga au ya kwaya zetu za parokia na dekania, twasema hivi: andikeni vigezo kabla, tangazeni alama baadaye, na asiye mwamuzi ndiye ahesabu. Mwalimu wa kwaya asiwe jaji wa kwaya yake, maana kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Mkiwa na haki, uwazi hautawapunguzia kitu.

Na kwa sisi watazamaji: Amri ya Nane yatuhusu. Katekisimu hutaja dhambi ya kumhukumu jirani bila msingi wa kutosha, nayo hutendeka hata kibarazani tukisubiri taarifa ya habari. Methali isemayo "lisemwalo lipo" si ushahidi. Mkumbukeni Danieli katika habari za Susana. Wazee wawili waamuzi walimshitaki mwanamke asiye na hatia, na umati ukawaamini kwa sababu ya cheo chao. Danieli hakuwazomea tu. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani, na kila mmoja akataja mti wake. Uongo ukaanguka kwa swali moja lililoulizwa vizuri. Ndivyo walivyofanya Snodgrass na bahasha zake, na vijana wa Korea na hesabu zao.

Basi, kijana wetu, ukiona hukumu usiyoielewa, uliza: vigezo ni vipi? Nani alihesabu? Nani alihakiki? Usipopata jibu, hujapata bado uthibitisho wa wizi. Lakini una sababu nzuri ya kutotuma fedha yako tena. Na kipaji ulichopewa na Mungu kiendeleze, kwa maana Aliyekupa ndiye atakayekitaka hesabu yake, na katika kiti chake cha hukumu hakuna upendeleo wala hongo.

Tuombe katika juma hili kwa ajili ya wote wanaoketi kuhukumu: mahakamani, darasani, viwanjani na mbele ya kamera. Mungu mwema awabariki nyote.