Masista wa Bafwabaka na Shule Yao

Mwaka jana, tarehe 1 Desemba, nilisoma Misa katika sukursali moja ya kilimani, si mbali na soko la Mudaka. Ilikuwa sikukuu ya Mwenye Heri Maria-Klementina Anuarite. Niliwahubiria wakristu juu ya usiku ule wa Isiro, juu ya bastola ya kanali, juu ya usafi wa moyo. Baada ya Misa katekista mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza: « Padri, nasikia kwamba jina Anuarite si lake, ni la dada yake. Ni kweli? » Nikamjibu kwamba ni kweli. « Na nani aliyempa? » Nikamjibu: « Shule. » Mzee akacheka sana. Lakini mimi njiani niliona haya. Mahubiri yangu yote yalikuwa juu ya usiku mmoja tu, na mzee huyu kwa swali moja alinirudisha pale nilipopaswa kuanza, yaani katika daftari ya shule ya masista.

Habari ya jina ni hii. Mtoto alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Matali, karibu na Wamba, katika kabila la Wabudu. Alikuwa wa nne kati ya mabinti sita. Wazazi walimwita Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Alipobatizwa aliitwa Alphonsine. Wakati wa kuingia shuleni alifika pamoja na dada yake mkubwa, aliyeitwa Anuarite, yaani mwenye kucheka vita. Sista mwenye kuandika daftari akachanganya majina, akaandika la mkubwa kwa mdogo. Hakuna aliyesahihisha. Mwalimu akiita « Anuarite », mtoto aliitikia. Na kwa jina lile Eklezya nzima inamwita leo. Sisi tuliofundisha watoto tunajua mambo ya namna hii: mtoto anakuja na jina la kilimani, anarudi nyumbani na jina la kalasi. Kwa kawaida si neno kubwa. Kwa huyu, kosa la kalamu limeingia katika kalenda ya Misa.

Kuna habari ya pili ya wakati ule wa utoto, nami naipenda kuliko ya kwanza. Siku moja kamyo ilifika Wamba kuwachukua wasichana waliotaka utawa, iwapeleke Bafwabaka, kwenye nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu. Anuarite alikuwa bado mdogo, wala mama yake hakumruhusu. Akapanda kamyo pamoja na wengine, akajificha katikati yao. Mama alimtafuta, baadaye akapata habari kwamba binti yake yuko Bafwabaka. Hakwenda kumrudisha. Basi, ndivyo alivyoingia: kwa kamyo, bila ruhusa, akiwa amebanana na wasichana wenzake.

Tusipite upesi juu ya mama yule. Mume wake alimwacha kwa sababu alizaa mabinti watupu. Kwa mwanamke kama huyo, binti mwenye akili na masomo ni tegemeo la uzee. Hata baadaye, binti alipokwisha kuwa mtawa, mama alitamani arudi nyumbani, apate kusaidia jamaa kwa kazi ya mikono yake. Na sisi wa Bushi tunaelewa vizuri. Binti anapoolewa, ng'ombe wanaingia katika lupango ya baba yake. Anapoingia kwa masista, hakuna ng'ombe. Wazee wetu waliwauliza wamisionari wa kwanza: « Huyu msichana mnamtaka wa nini, nanyi hamleti mahari? » Tusidhani kwamba swali lile lilikuwa la upagani tu. Lilikuwa swali la haki, nasi mapadri mara nyingine tunalijibu upesi mno.

Watawa wa kike wa nchi yetu hawakutokea mara moja. Masista Weupe walianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Alger mwaka 1869. Mwaka 1895 wa kwanza wao walifika Baudouinville, karibu na Ziwa Tanganyika. Kila walipokaa walifungua shule ya wasichana, na ndani ya shule ile wito ulianza kuota. Huko Uganda wakatokea Wabannabikira mwaka 1910. Rwanda, Wabenebikira mwaka 1919. Kwetu Kivu, iliyokuwa vikarieti tangu mwisho wa mwaka 1929, tulipata Mabinti wa Maria Malkia wa Mitume. Upande wa Stanleyville, Monseniori Camille Verfaillie, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, aliwaanzisha masista wa Jamaa Takatifu, na Bafwabaka ikawa nyumba yao. Pahali pote njia ilikuwa moja: kwanza benchi la shule, kisha novisia. Sista wa Kiafrika hakuletwa na meli. Alitoka katika kalasi, na mara nyingi alirudi katika kalasi ileile akiwa ameshika chaki.

Anuarite alifanya nadhiri zake za kwanza tarehe 5 Agosti 1959, akaitwa Maria-Klementina. Kazi zake zilikuwa zile ambazo hakuna anayeziandikia kitabu. Alitunza sakristia. Alipika. Alifundisha watoto wa shule ya msingi, akalinda wasichana waliolala shuleni. Ndugu waseminari, kwa sista mpishi wa shule siku inaanza kabla ya jua: maji, kuni, moto, sufuria kubwa, bugali na sombe kwa midomo mingi, kisha kalasi, kisha jikoni tena, kisha mtoto mmoja ana homa usiku. Ninyi mnaokula kila siku chakula kilichopikwa na mikono ya watu wengine, mnaweza kufahamu uzito wa neno hilo mkitaka.

Sasa tufike mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliteka Stanleyville tarehe 5 Agosti, miaka mitano kamili baada ya nadhiri zile. Mwezi uleule walishambulia hata Bukavu yetu, lakini askari wa Kanali Leonard Mulamba waliwarudisha nyuma. Mwisho wa Novemba ulikuwa mbaya kuliko yote. Tarehe 24 askari wa miamvuli kutoka Ubelgiji waliteremka Stanleyville. Tarehe 26 waliteremka Paulis, ndiyo Isiro ya leo, kisha wakaondoka upesi, na waasi wakabaki na hasira yao. Tarehe 26 hiyohiyo Monseniori Wittebols, askofu wa Wamba, aliuawa. Tarehe 28, huku kusini kwetu, waliuawa Baraka na Fizi wamisionari watatu wa Kisaveri, Giovanni Didonè, Luigi Carrara na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert. Hao wanne walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Na tarehe 29, siku ya Dominika, kamyo ilisimama mbele ya nyumba ya Bafwabaka.

Hii ni kamyo ya pili. Waasi walisema wanawapeleka masista Wamba, ili wawalinde. Walipakiwa wote, masista, wanovisi na wapostulanti, watu 46 kwa jumla. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Askofu wao alikuwa amekwisha kufa. Wamisionari wa Ulaya walikuwa wameuawa, au wamefungwa, au wametoroka. Waliokuwa ndani ya kamyo ile ni wanawake wa Kongo, na mkubwa wao alikuwa mwanamke wa Kongo, Mama Leontina Kasima. Ilikuwa mwaka wa tano tu wa uhuru. Wakati ule wengi waliuliza kama Eklezya ya Afrika inaweza kusimama bila kushikwa mkono. Swali lile liliulizwa katika mikutano na katika magazeti. Jibu moja lilikuwa limepakiwa katika kamyo, njia ya Ibambi.

Walilala Ibambi. Kesho yake hawakupelekwa Wamba bali Isiro. Kufika kule usiku, kanali mmoja wa waasi, Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Mama Leontina hakukubali kumwacha peke yake, akafuatana naye. Wengine waliwekwa katika nyumba ile watu wanayoiita Nyumba ya Bluu. Wote walipokutana tena, chakula kililetwa, na Anuarite hakuweza kula. Aliwaomba wenzake wamsalie, kwa kuwa aliona hatari inamjia. Kisha kanali mwingine, Olombe, aliyetumwa kumshurutisha, alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Alitaka kumtia katika motokari pamoja na Sista Yohane-Baptista Bokuma. Wakakataa wawili. Akawapiga. Mkono wa Sista Bokuma ulivunjika mahali patatu, akaanguka akazimia. Anuarite, akiendelea kupigwa, alimwambia mpigaji kwamba anamsamehe, maana hajui anachofanya. Akasema pia, kwa Kiswahili hiki tunachohubiri nacho, kwamba hivyo ndivyo alivyotaka. Askari wakamchoma kwa bayoneti, na kanali akampiga risasi kifuani. Masista walimbeba, wakamwingiza ndani. Alikata roho usiku ule, yapata saa saba, tarehe 1 Desemba. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Nimesema hayo kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana. Nataka nikae juu ya neno jingine. Tumejuaje habari hizi? Usiku ule hapakuwa na padri pale, wala mwandishi, wala mtu wa picha. Maneno ya msamaha, chakula kisichoguswa, mkono uliovunjika, yote yametufikia kwa sababu wanawake waliokuwa ndani ya nyumba ile waliyashika moyoni, wakayasema baadaye mbele ya Eklezya. Walikuwa wamepigwa wao pia. Walikaa na maiti ya mwenzao mpaka asubuhi. Basi, bila kumbukumbu yao tungekuwa na kaburi tu, tena kaburi lisilojulikana, kwa maana Anuarite alizikwa katika shimo moja pamoja na watu wengine. Mwaka 1965, shimo lilipofukuliwa, alitambulikana kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa katika mfuko wa nguo yake. Na nani angejua kwamba sanamu ile ni yake, kama si wale waliomjua kila siku kule Bafwabaka, yeye na vitu vyake? Mwaka 1978 alihamishiwa katika katedrali ya Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri kule Kinshasa, na katika mahubiri yake alimsamehe yule aliyemwua.

Ndiyo sababu sipendi jinsi tunavyomhubiri, nami ni wa kwanza katika kosa hilo. Tunamtoa Anuarite katika nyumba yake, tunamsimamisha peke yake kama sanamu, kisha tunamwonyesha kwa wasichana tu, ili wawe na adabu. Wavulana wanasikiliza kama habari isiyowahusu, na hali wao ndio wanaopaswa kuulizwa juu ya kanali. Mama Leontina aliyefuatana naye hatumtaji. Sista Bokuma, aliyekataa kupanda motokari ileile na kupigwa fimbo zilezile, hatumtaji. Watoto wa shule waliobaki bila mpishi na bila mwalimu hatuwafikirii kabisa. Lakini nguvu ya kusema hapana usiku ule haikuanguka kutoka mbinguni saa ileile. Wasichana walioamka pamoja asubuhi kwa miaka, waliogawana kazi ya jiko, waliojua nani anaogopa giza na nani anakoroma, hawa hawatengani kwa urahisi mbele ya bunduki. Neema ya Mungu ilifanya kazi, ndiyo, sikatai. Ilifanya kazi katika nyumba ambamo watu walikuwa wamezoeana.

Padri mmoja, rafiki yangu, aliposoma karatasi hii aliniambia kwamba ninapunguza sifa ya mfiadini kwa kumgawia wengine. Nimelifikiri neno lake. Stefano mfiadini tunajua kwamba alikuwa mmoja wa saba waliochaguliwa kwa kazi ya mezani, na sifa yake haijapungua.

Kwetu Kivu masista wazee bado wako, katika misioni zetu mbalimbali, waliofundisha bibi na mama za wakristu wetu kusoma na kushona. Waliona vita vya 1964, vya 1996 na vilivyofuata. Kumbukumbu zao haziko katika maktaba ya Murhesa wala ya pahali pengine. Baada ya swali la katekista nilinunua daftari, nikaenda kwa mmoja wao, ambaye sasa haoni vizuri. Nilimwomba anisimulie juu ya shule yake. Kwanza aliuliza kama nimekula. Kisha akakaa kimya, nikadhani amesahau nilichomwomba. Halafu akaanza kutaja majina ya wasichana wa kalasi yake ya kwanza, mmoja mmoja, kwa kufuata mabenchi, kutoka dirishani mpaka mlangoni.