Airisi: Ua la Mjumbe wa Miungu
Airisi, ua lenye petali tatu zilizosimama na tatu zilizoinama, lilipewa na Wagiriki wa kale jina la Iris, mungu wa kike wa upinde wa mvua, ambaye katika utenzi wa mshairi Hesiod hutumwa na Zeus kuchota kwa jagi la dhahabu maji ya mto Styx, ambayo miungu huyaapia. Hata hivyo, wafanyabiashara walithamini zaidi rizomu yake, yaani shina nene litambaalo ardhini, ambayo ikiwa mbichi hainukii sana, lakini ikimenywa, ikakaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka kadhaa, hunukia kama maua ya violeti. Mwanafalsafa Mgiriki Theophrastus aliitaja katika maandishi yake kuhusu manukato, na mji wa Korintho ulisifika kwa mafuta yake ya airisi.