Goma hadi Kinshasa: kilomita, muda na saa

Makanisa yetu ya mashariki hutuma wajumbe Kinshasa mara kwa mara, kwa kuwa makao makuu ya Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC) yako huko. Ni vema tuujue urefu wa safari hiyo.

Kwa njia iliyonyooka ya angani, kutoka Goma hadi Kinshasa ni kilomita 1,560 hivi. Ndege isiyotua njiani hutumia karibu saa mbili na nusu. Tena Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: anayeondoka Goma saa nne asubuhi hufika saa tano na nusu kwa saa ya kule. Vivyo hivyo, mkutano wa simu wa saa tatu Kinshasa kwetu ni saa nne.

Lakini vita vilipoingia Goma, Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa. Uwanja ukifungwa, mjumbe hana budi kuzunguka. Akipitia Kigali na Nairobi, ataruka kilomita 750 hivi kwenda mashariki, kisha 2,400 kurudi magharibi. Hiyo ni mara mbili ya njia iliyonyooka, mbali na barabara ya kwenda Kigali na kungoja mpakani.

Basi tupangapo safari tuhesabu siku, si saa tu, na sadaka ya nauli ikusanywe mapema. Mtume Paulo, kabla hajafika Roma, aliwaandikia ndugu wa huko barua. Nasi, mjumbe wetu akikwama, tutume neno letu kwa maandishi, ili sauti ya mashariki isikosekane mkutanoni.