Milima ya Masasi kwenye Kibao cha Chapa

Chapa ya mchongo ni picha inayotolewa kwenye kibao. Panapotakiwa weupe huondolewa kwa patasi, panapotakiwa weusi huachwa juu. Wino hupakwa kwenye sehemu zilizobaki, karatasi hukandamizwa, na picha hutoka ikiwa imegeuka, kulia kwake kushoto. Katika karne ya 19 hii ndiyo njia iliyotumika sana kuingiza picha kwenye vitabu vya wasafiri, kwa sababu kibao kilifungwa pamoja na herufi za risasi na kurasa zikachapwa kwa mkupuo mmoja.

Nchi ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, inavutia jicho la mchongaji. Masasi imezungukwa na milima ya mawe ya mviringo, Mtandi na Mkomaindo miongoni mwake, inayochomoza ghafla kutoka kwenye tambarare. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ardhi inapokatika ghafla. Kutoka Shimo la Mungu, kwenye ukingo huo, mtu hutazama chini kwenye bonde la Ruvuma. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba aliyesafiri katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kati ya 1895 na 1897, aliiita milima ya aina hii milima-visiwa katika kitabu chake cha 1900. Jina hilo la Kijerumani, Inselberg, limeenea duniani kote, na kuba za mawe za namna hiyo huitwa kwa jina la Bornhardt mwenyewe.

Picha zilitangulia jina. David Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866, akafuata Ruvuma kuelekea bara, akipita chini ya uwanda wa Wamakonde. Shajara zake za mwisho zilitolewa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, zikiwa na picha za kuchongwa. Moja inaonyesha mfanyabiashara wa watumwa akimuua mateka kwa shoka. Wachongaji wa picha za namna hiyo walifanya kazi Uingereza, kwenye vibao vya mti mgumu uliokatwa kwa upana ili nyuzi zake zisimeguke, na walichonga nchi wasiyopata kuiona. Kosa lolote la jicho lao liligeuka kuwa ukweli kwa maelfu ya wasomaji.

Miaka miwili baada ya shajara hizo kutolewa, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, na misheni ikaanza hapo. Padri Chauncy Maples, aliyefika mwaka uliofuata, aliandika habari za Masasi na Ruvuma katika jarida la chama cha jiografia cha London mwaka 1880. Mwaka 1882 Wangoni waliishambulia Masasi na Maples akahamishia kazi yake Newala, kwa mfalme Matola wa Wayao. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi iliteketezwa.

Majivu hayo hayakuwa yamepoa sana alipofika Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, mwaka 1906. Alikuja na kamera, mashine ya kurekodi sauti na hata ya sinema, akakaa Masasi, Chingulungulu na Newala. Jambo lake la thamani kuliko mashine zote ni dogo: aliwapa watu karatasi na penseli. Pesa Mbili, mnyampara wa wapagazi wake, alichora msafara ukiwa njiani. Barnabas, Mmwera wa Lindi, alichora kundi la tembo. Michoro hiyo ilitolewa katika kitabu cha Weule cha 1908, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Alice Werner.

Kufikia wakati huo ufundi ulikuwa umebadilika. Mchoro wa mistari ulipigwa picha juu ya bamba la zinki, asidi ikala pembeni, na mistari ikabaki imeinuka kama ilivyokuwa kwenye kibao cha mbao. Hakuhitajika mchongaji wa Leipzig wa kuuchora upya mkono wa Pesa Mbili. Kwa hiyo mstari uliosimama juu ya bamba ulikuwa wa mtu aliyeitembea njia hiyo kwa miguu yake na mzigo ukiwa kichwani mwa wenzake. Hilo ni tofauti kubwa na picha za 1874, ingawa jina la msafiri ndilo lililobaki kwenye jalada.

Ajabu ni kwamba uwanda wa Makonde ulijaa wachongaji. Wamakonde walichonga vinyago vya ngoma za midimu na mapiko, milango na vikopo vya dawa, wakachanja hata nyuso zao kwa michoro. Patasi ilikuwepo, kibao cha chapa hakikufika. Ufundi wa chapa uliwafikia baadaye na kwa njia ya mbali, Dar es Salaam, mwaka 1972, Sista Jean Pruitt alipoanzisha Nyumba ya Sanaa, ambako wachongaji wa kusini walifundishwa pia kazi za chapa. Mmoja wao alikuwa George Lilanga, aliyezaliwa Kikwetu, wilaya ya Masasi, mwaka 1934, na aliyeanza hapo kama mlinzi wa usiku. Chapa zake nyingi zilikatwa kwenye bamba la madini, ambako wino hukaa ndani ya mfereji, kinyume cha mchongo wa mbao. Wala hakuchora milima. Alichora mashetani wenye masikio na matumbo makubwa, watu wa simulizi za kwao, na kazi hizo zilionyeshwa Washington mwaka 1978. Lilanga alifariki Dar es Salaam mwaka 2005.