Uharibifu wa DNA na kudhoofika kwa akili

Ni uhusiano kati ya dosari za DNA katika seli za ubongo na upotevu wa kumbukumbu na fikra. Neuroni nyingi, yaani seli za neva za ubongo, hazigawanyiki. Mtu huzeeka nazo, hivyo dosari isiyokarabatiwa hubaki humo. Ushahidi ulio wazi zaidi ni xeroderma pigmentosum, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ukarabati wa DNA: baadhi ya wagonjwa hupungukiwa akili wangali vijana. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, bado haijaamuliwa kama uharibifu wa DNA ni chanzo au matokeo. Kwa mzee wa Mahege, Kibiti, kinachofaa leo ni kupima presha na sukari, kwani zote zikiwa juu huongeza hatari ya demensia, yaani upotevu huo wa kumbukumbu na fikra. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti wa 2010 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia.