Mahame na Wenyewe: Mizimu ya Gedi kama Ushahidi wa Historia

Masimulizi ya mizimu hayajapata heshima kubwa katika uandishi wa historia ya pwani yetu. Mwanahistoria huwaachia watambaji wa ngano, na mwanaakiolojia huyataja kwa kupita tu, kisha akavirejea vigae na kuta zake. Katika makala haya nanuia kuonyesha kwamba masimulizi hayo, yakichunguzwa pamoja na msamiati unaoyabeba, ni ushahidi wa jambo ambalo mawe peke yake hayawezi kulisema, yaani, ni nani anayehesabiwa kuwa mwenyewe wa mahali palipohamwa. Mfano wangu mkuu ni Gedi.

Gedi ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, nao umo msituni, yapata kilomita 16 kusini ya Malindi. Ukuta wake wa nje ulizunguka eneo la ekari 45 hivi. Ndani yake mna msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za wenye mali, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mji huo ulistawi sana katika karne ya 15, ukahamwa kabisa katika karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni nyingi: uvamizi wa Wazimba mwaka 1589, kuhamia Mombasa kwa Wareno na mtawala wa Malindi mnamo 1593, kuingia kwa Waoromo, na kupungua kwa maji. Hii ya mwisho ina dalili yake, kwa maana kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kiliongezwa kina. Hata hivyo Wareno, waliokaa Malindi miaka mingi, hawakuutaja mji huu kwa jina tulijualo leo. Jina lenyewe lasemekana kuwa la Kioromo, yaani liliachwa na watu waliofika wakati wenyeji wa kwanza wamekwisha kuondoka au wamo njiani kuondoka.

James Kirkman alianza kuchimbua Gedi mwaka 1948, akaendelea kwa takriban miaka kumi. Kwa kuwa majina ya waliokaa katika nyumba zile hayakujulikana, nyumba ziliitwa kwa vitu vilivyookotwa humo: nyumba ya mkasi, nyumba ya makauri, nyumba ya taa ya chuma. Kirkman mwenyewe aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kana kwamba kuna anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Hisia hiyo si ajabu kwa mtu aliye peke yake msituni. Ajabu ni matumizi yake baadaye, kwani waandishi wa vitabu vya watalii waliikuza mpaka Gedi ikawa mji wa siri, mji uliopotea. Katika simulizi ya namna hiyo mzimu hana ukoo wala jamaa. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba wenyewe hawajulikani.

Majirani wa Gedi husimulia kwa njia nyingine. Kwao magofu yale yanalindwa na wazee wa kale, na mtu akiyaharibu au akichukua kitu bila idhini, maradhi au msiba humwandama. Tukiyatazama masimulizi haya kwa muundo wake, twaona mna mali, mna mwenye mali, mna mwizi, na mna adhabu. Hii ni sheria ya mirathi iliyovikwa vazi la kutisha. Anayetakiwa kuogopa ni yule aingiaye bila kupiga hodi.

Lugha yaunga mkono maoni haya. Kiswahili hakina neno moja la jumla kwa viumbe hivi. Jini si pepo, wala pepo si mzimu. Jini na pepo hawana budi kuwa wageni kwa mtu, lakini mzimu na koma hutokana na wafu, na neno koma twashirikiana na ndugu zetu Wamijikenda. Zaidi ya hayo, mzimu ni jina la roho na pia ni jina la mahali inapotambikiwa, hata haiwezekani kumtaja mmoja bila kupafikiria pahali pake. Nalo neno mahame latokana na kuhama: ndani yake mna watu walioondoka kwa miguu yao. Gofu hutaja tu jengo lililobaki mifupa, kama tusemavyo gofu la mtu. Anayeandika magofu ameona kuta. Anayesema mahame amewakumbuka watu.

Tulinganishe na Takwa, katika kisiwa cha Manda, mji uliohamwa mwishoni mwa karne ya 17 au karibu na hapo. Watu wake walihamia Shela, ng'ambo ya mlango wa bahari, na watu wa Shela wamedumu kuvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la mnara. Huko marehemu ni wazee wanaozuriwa. Vivyo hivyo kaya za Wamijikenda ni maskani ya zamani, na wazee huziingia kwa kanuni maalumu. Basi yaelekea kwamba ziara ikidumu, wafu hubaki wazee. Ziara ikikatika, hugeuka mizimu, na ulinzi wao huachiwa hofu.

Gedi ilitambuliwa rasmi kuwa mahali pa historia mwaka 1927, na mwaka 2024 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria na walinzi sasa wanafanya kazi iliyofanywa na hofu kwa karne nyingi. Hapana ubaya. Lakini hofu ile ilibeba hoja ambayo ubao wa maelezo hauibebi, kwamba mahali hapa pana wenyewe. Ni wajibu wetu tulio katika idara za lugha kuyakusanya masimulizi haya kwa maneno yale yale ya wasimulizi, mzimu usiandikwe jini, wala mahame yasiandikwe magofu. Tukiyachanganya, tutakuwa tumewahamisha watu wa Gedi mara ya pili.